Kiti cha Mkwe na Mchezo wa Polepole

Jumatatu, 3 Agosti 1987
Mtopanga. Yamenifika! Mimi Mwidani, bingwa wa drafti wa kibaraza hiki miaka tisa, leo nimechekwa mlangoni pangu. Justus, karani kutoka bara anayekaa Kiembeni, kaja na sataranji kwapani. Kasema drafti ni ya watoto. Damu ikanichemka. Nikakiweka kiti changu cha mvule mbele ya mashahidi: Jumamosi tucheze huo mchezo wake, mshindi akichukue. Kiti chenyewe tulipewa na baba mkwe siku ya harusi. Mke wangu Mwanatabu hajui.

Jumatano, 5 Agosti
Nimeduwaa. Erastus wa kazini kaja kunifunza. Ati hatua kumi za mwanzo usipigane! Mwachie mwenzio katikati, ajitanue. Wewe mfiche mfalme pembeni, panga watu wako taratibu, kisha umtafune kutoka ubavuni. Hatua kumi bila kula! Subhanallah, huu ni mchezo au ni saumu? Mwanatabu alikuwa kando yetu juu ya mbuzi, akikuna nazi. Akauliza kama mtu akitegewa askari ni lazima amle. Erastus akamjibu si lazima, hiyo ni sheria ya drafti. Nikamwambia mke wangu atazame nazi yake.

Ijumaa, 7 Agosti
Nimeshika yote. Tena Justus nitamketisha upande wa jua.

Jumamosi, 8 Agosti
Wallahi bado siamini. Nilipanga polepole, kama nilivyofunzwa. Watu wakanong'ona kuwa Mwidani anaumwa. Justus kwa jua lile akajitanua katikati mpaka askari wake wakakosa wa kuwalinda. Nilikuwa nashinda! Kisha akanisogezea askari mmoja, mnyonge, peke yake. Mkono ukamla wenyewe. Miaka tisa ya drafti jamani, usipokula, kete yako huondolewa! Hapo malkia wangu akaenda, na mfalme akamfuata. Justus akaondoka na kiti kichwani.

Mwanatabu alikuwa dirishani. Aliuliza tu, "Kiti cha baba yangu, Mwidani?" Nimeona haya hata wali nimeuacha sahanini.

Jumapili, 9 Agosti
Makubwa! Asubuhi Mwanatabu kajifunga leso, kaenda Kiembeni kwa Justus na mkewe. Nikajua anakwenda kuwalilia. Adhuhuri huyo karudi, kiti kichwani! Kumbe kacheza na Justus. Kapanga polepole, kategewa askari yule yule, hakumla.

Sasa kakikalia kibarazani, mimi nimepewa mbuzi na nazi mbili. Nimemtaka tucheze kesho, nikishinda kiti kiwe changu. Kakubali bila kinyongo, tena kaahidi kunitolea askari wa bure mapema. Maskini, wema utamponza. Nitamla papo hapo.