Kikohozi cha Albamu ya Pili

Jumatatu, 3 Juni

Daktari amesema nipange mambo yangu mapema. Jambo langu ni moja: kuingia kwenye albamu ya pili ya mjukuu wangu kabla sijaingia kaburini. Katika ya kwanza alimpa nafasi jirani yetu, Tarishi Mstaafu. Jirani huyo alitamka neno moja tu, "Haya!", na tangu hapo watoto humsalimia hivyo barabarani, naye huwapungia mkono kama rais. Mimi nilikuwa hakimu. Nilisoma hukumu ndefu kuliko maisha ya baadhi ya washtakiwa. Nani anazikumbuka?

Wanarekodi chumbani mwangu, kwa kuwa mna mapazia mazito ya kuzuia kelele. Wako watatu: mjukuu, Kinyozi na Fundi Mitambo. Muziki wao wanauita hip hop mbadala. Mimi nauita kufokafoka kwa adabu: badala ya kusifia magari, wanalalamikia mitaro iliyoziba. Nikaomba ubeti mmoja. Mjukuu akasema, Babu we pumzika, kazi yako leo ni kunyamaza. Mimi! Niliyenyamazisha mawakili!

Jumanne, 4 Juni

Nimepata mbinu. Naungama hapa, maana aliye karibu na Mola wake hafichi kitu: kikohozi cha leo kilikuwa cha uongo. Kinyozi akifika penye utamu wa ubeti wake, nakohoa. Wanaanza upya. Nakohoa. Nilitaka wachoke, waje wenyewe kuniuliza nataka nini. Aliyekuja ni mke wangu, na dawa chungu kama shubiri. Nikaimeza. Ningefanyaje?

Jumatano, 5 Juni

Balaa! Tarishi kaja kumjulia hali mgonjwa. Kavaa suti! Akaniuliza naendeleaje huku ameinamia maikrofoni. Nikamwambia mkewe anamwita. Akasema mkewe amesafiri. Nikakohoa mpaka Fundi akavua hedifoni.

Safari hii mjukuu hakutabasamu. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akanishika mguu juu ya blanketi. Akasema kesho ndiyo mwisho wa kurekodi, na yeye anataka albamu iishe nikiwa bado nipo niisikie. Nikageukia ukutani. Siku hiyo sikukohoa tena.

Alhamisi, 6 Juni

Nimemwita mjukuu, nikamweleza yote kwa sauti ya kitanda cha mauti. Nilitazamia machozi. Akaangua kicheko, akamwita Kinyozi aje asikie! Kumbe walijua tangu juzi. Eti kikohozi changu cha kweli hakina mahadhi, kinaporomoka kama sufuria ngazini. Cha uongo kinafuata mdundo barabara. Fundi ameshakipanga kwenye nyimbo tatu. Mke wangu naye alijua. Ile dawa ilikuwa adhabu.

Nikasema basi niwasomee walau hukumu moja fupi. Ghafla wote wakakumbuka kwamba wana safari.

Jumamosi, 15 Juni

Wamenisikilizisha albamu nzima. Mwisho kabisa wa wimbo wa mwisho ngoma zinakoma, wote wananyamaza, nabaki peke yangu: kho, kho-kho, kho. Mke wangu akafuta macho kwa ncha ya khanga. Mjukuu akaniegemea begani, akasema, Babu, hapo hata ukienda hutoki. Nikaona sasa naweza kufa kwa amani.

Ndipo ikasikika, kwa mbali, sauti ninayoijua: "Haya!"

Neno la mwisho kapewa Tarishi! Walimnasa sauti akiaga, siku ile ya suti.

Na tangu asubuhi, ng'ambo ya ukuta, anakohoa. Nje ya mdundo! Anajiandaa kwa albamu ya tatu. Daktari anasema nisiifikirie hiyo, sitaifikia. Nimemwambia kesi imeahirishwa.

Nimemwomba mke wangu pilipili manga kidogo, nianze mazoezi ya kupiga chafya. Kaleta ile dawa, na kijiko kikubwa zaidi.