Mkulima wa Sebuleni

Duniani hapakuwa na mkulima aliyemfikia Mjuaji, na ushahidi ulikuwa mmoja tu: mwenyewe alisema hivyo. Fundi cherehani huyo, ambaye hakupata kushika jembe ila kuliondoa njiani, alipanda miche tisa ya pilipili katika ndoo kuukuu za rangi, akaipanga sebuleni. Viti vikahamia kibarazani. Mkewe akawa anapokea wageni jikoni, wamesimama.

Miche ikanawiri, ikachanua maua meupe. Kisha maua yakapukutika yote, yasiache hata pilipili ya kumpigisha chafya sisimizi.

Mama mkwe wake, aliyelima pilipili miaka arobaini, alimweleza kwa upole kwamba ndani hamna nyuki wala upepo. Basi ayatikise matawi kila asubuhi, chavua ienee, maua yashike. Mjuaji akacheka. Nyuki, alisema, ni vibarua wa watu wa shamba. Pilipili zake zilikuwa za kistaarabu, zingezaa kwa utaratibu.

Mkewe akachoka. Akatoa hukumu mbele ya wote wawili: Jumapili, ama mama achume pilipili sebuleni, ama ndoo zitoke na viti virudi.

Jumapili asubuhi, mkewe alipokwenda kumlaki mama yake, Mjuaji alikwenda sokoni mbio, akarudi na fungu la pilipili. Akatwaa sindano na uzi wa kijani, akafanya kazi pekee aliyoijua. Mkewe na mama mkwe walipoingia, miche ilikuwa imesheheni vito kama bibi harusi mwenye mashangazi matajiri.

"Karibu, mama. Chuma mwenyewe," alisema, kifua mbele.

Mama mkwe akashika pilipili moja, akavuta. Haikutoka. Akavuta kwa nguvu zaidi; mche mzima ukang'oka na mizizi yake, udongo ukammwagikia Mjuaji viatuni. Pilipili haikuachia tawi.

Mama mkwe akavaa miwani, akakikagua kikonyo: mizunguko minne ya uzi, na fundo. Mkewe Mjuaji akaenda kibarazani, akarudi na kiti cha kwanza, akamwekea mama yake.

Mama mkwe akaketi taratibu. Akalitazama koti lake, aliloshonewa na mkwewe huyo huyo mwezi uliopita, ambalo vifungo vyake vilikwisha kudondoka na sasa lilifungwa kwa pini tatu za nepi.

"Baba," alisema, "kumbe kushona kitu kisitoke unaweza?"