Tangazo Langu la Chumba Limeniletea Matanga

Ndugu zangu, leo nimeadhirika mbele ya mtaa mzima, mchana kweupe, nikiwa nimebeba mashuka mapya. Turubai bado halijashushwa. Naomba niwaeleze mwenyewe kabla hamjaelezwa na watu wa Bunju, maana wale wataongeza chumvi.

Kwa wasionijua, mie ni Mzee Nampunju wa Boko. Nilikuwaga mchonga vinyago pale Mwenge mpaka macho yalipogoma. (Twiga wangu wa mwisho, mteja aliniuliza kama ni mbuzi. Nikamwambia ndiyo. Siku hiyohiyo nikaweka patasi chini.) Shule niliishia darasa la tatu. Mke wangu alitangulia mbele ya haki, na mtoto wetu ni mmoja tu, Zuhura, anafanya kazi ofisini huko Dodoma.

Ishu yote imeanzia kwa huyo Zuhura. Tangu niteleze bafuni mwezi uliopita hanipi nafasi. Anataka nihamie kwake. Kila akipiga simu wimbo ni uleule: "Baba, uko peke yako kwenye nyumba nzima. Siku ukianguka, nani atajua?" Mie sina ugomvi na Dodoma. Ila hapa kuna kaburi la mama yake, kuna mpapai alioupanda kwa mkono wake, kuna benchi langu, kuna majirani ambao nikikohoa tu wanajua ni mie. Dodoma nitawekwa kwenye sofa niangalie ukuta.

Nikamwomba. Nikamwambia kile chumba cha uani, kilichokuwa karakana yangu, nimekipiga rangi, kina feni na choo chake. Nitakipangisha kwa wageni wa siku mbili tatu, kama watu wanavyofanya siku hizi. Kwa hiyo nyumbani kutakuwa na mtu. Zuhura akasema, "Sawa baba. Pata mgeni mmoja tu, alale wikiendi hii, aondoke salama. Nikiona hivyo sikusumbui tena. Ukikosa, nakuja kukuchukua." Tukakubaliana. Hicho ndicho nilichokuwa nakipigania. Sikutaka utajiri, nilitaka kubaki kwangu.

Sasa tuje kwenye tangazo lenyewe.

Jirani yangu Shabani, dalali wa viwanja, alijitolea kuniandikia. Akaanza: chumba cha kisasa, upepo mwanana, bahari unaiona. Nikamwambia Shabani, hapa kwangu bahari ukitaka kuiona upande juu ya tenki la maji, na hata hapo utaona bati la jirani. Akasema tangazo ni kutia watu hamu, wakishafika watazoea. Mie nikakataa. Mgeni akifika akanidai bahari, nitaitoa wapi? Nikasema naandika mwenyewe.

Na msidhani nilikuwa sijui kuandika tangazo. Mtaani kwetu matangazo yote ya misiba nayaandika mie, miaka na miaka. Likitoka kwangu halina dosari. Jina lipo, mahali papo, saa ipo, ndugu wote wametajwa mpaka wa kambo, hakuna wa kununa. Hayo ndiyo matangazo ninayoyajua. Basi nikachukua la mwisho lililokuwa kwenye simu, nikafuta habari za marehemu, nikaweka habari za chumba. Lilisomeka hivi:

"Familia ya Mzee Nampunju wa Boko inawatangazia ndugu, jamaa, marafiki na majirani wote. Habari hizi ziwafikie binti yake Zuhura aliyeko Dodoma, ukoo mzima wa Newala na Masasi, wachonga vinyago wa Mwenge, na wote waliomfahamu popote pale walipo. Shughuli itaanza nyumbani kwake Boko, Jumamosi saa tano asubuhi. Wote mnakaribishwa."

Baada ya hapo ndiyo nikaeleza chumba: feni, neti, choo cha kukaa, chai ya asubuhi, mgeni aje na mswaki wake.

Ukoo nimewataja kwa sababu wakija Dar huwa wanahangaika pa kulala. Zuhura nimemtaja aone baba yake hajalala. Picha nikaweka mbili. Moja yangu, ile ya kitambulisho cha zamani, nyeusi na nyeupe, maana mgeni lazima amjue mwenyeji wake. Nyingine ya kitanda, kimetandikwa shuka jeupe, hakuna mtu juu yake.

(Najua. Sasa hivi najua.)

Nikalituma jana usiku kwenye makundi yote ya mtaa, ya msikiti na ya ukoo. Haikupita muda, dada mmoja wa Morogoro anaitwa Neema akanipigia. Lilimfikia kwa shangazi yake. Anataka siku mbili, ana usaili wa kazi Jumatatu. Kaniuliza maswali ya maana, nikamjibu kwa adabu, akasema atafika saa tano. Nikamshukuru Mungu. Mgeni huyo!

Nikamweleza Shabani. Akanipa somo moja kabla hajasafiri kwenda Bagamoyo: ukishapata mmoja, wengine usiwapokelee simu upesi, waache wapige mpaka waone chumba kinagombaniwa. Nikaiweka simu kimya nikalala.

Leo alfajiri naamka, simu arobaini na moja sijapokea. Arobaini na moja! Nikacheka peke yangu. Za Zuhura zilikuwa kumi na moja. Nikajua anataka kuuliza mgeni nimepata au sijapata, nikasema huyu nitampigia mgeni akishaingia chumbani, nimpe habari iliyokamilika. Nikatia kufuli mlangoni nikaenda sokoni Tegeta kutafuta mashuka na birika.

Mashuka yakanichelewesha. Yule muuzaji alikuwa mtu wa Mtama, kulekule kwetu kusini, tukaanza kuulizana koo, mara tumefika kwa bibi yake, mara kumbe bibi yake aliwahi kukataa posa ya baba yangu mdogo. Sasa hapo unaondokaje? Nikapita na kinyozi, ili mgeni asikute kichwa cha ajabu. Narudi na bajaji inakaribia saa sita.

Kukata kona tu naona turubai.

Uwanja ule mbele ya nyumba yangu ndio uwanja wa misiba yote ya mtaa, kwa hiyo turubai lenyewe halikunishtua. Kilichoniuma ni kwamba mtu kafa mtaani kwetu na sijaambiwa. Nani kaandika tangazo? Nikashuka nimenuna. Lakini msiba ni msiba. Nikavuta kiti cha nyuma kabisa, mfuko wa mashuka mapajani, kofia nimeishusha usoni kwa huzuni. Pembeni yangu kakaa baba mmoja simjui, katokea Bunju. Nikamuuliza kwa sauti ya chini nani aliyetutoka.

"Mzee mmoja wa hapahapa," akasema. "Alikuwa anaishi peke yake."

Mawazo yakaenda kwa jirani yangu Mzee Pazi, naye anaishi peke yake, ana presha na hasikii la mtu. Machozi yakanilenga. Nikamuuliza kama aliugua.

"Wanasema ghafla. Mtu mwema, ila ukikutana naye njiani ujue umeshachelewa kazini."

Nikatikisa kichwa. Kweli Pazi alikuwa na maneno. Nikajifuta macho kwa ncha ya shuka jipya. Nainua uso, namwona Mzee Pazi mstari wa mbele, anatafuna tende.

Hapo nikaanza kuhesabu wazee wa mtaa wanaoishi peke yao. Wako wawili.

Kabla sijamaliza hesabu, Mzee Kondo, mwenyekiti wa kamati ya misiba, akasimama na kipaza sauti. Akasema jamani, tumegonga kwa marehemu tangu asubuhi, tumekuta kufuli, bila shaka maiti iko hospitali, lakini haijulikani hospitali gani wala kaburi lichimbwe saa ngapi. Akasema ngoja tulisome tangazo la familia mpaka mwisho, labda wameandika.

Mpaka mwisho! Maana sie mtaani tangazo la msiba hatulisomi. Tunaangalia picha, tunaangalia mahali, tunabeba mkeka. Hata mie ninayeyaandika.

Kondo akavaa miwani. Akasoma familia ya Mzee Nampunju, akina mama wakaanza kulia upya. Akasoma Zuhura, Newala, Masasi, Mwenge. Akasoma wote mnakaribishwa. Akaendelea kwa sauti ileile ya msibani:

"Chumba kina feni ya juu. Neti haina tundu. Choo ni cha kukaa, ukivuta maji ngoja kidogo yajae. Chai ya asubuhi ipo na chapati. Mgeni aje na mswaki wake."

Mtoto mmoja akalia, akanyamazishwa. Kondo akageuza simu akaangalia nyuma yake, kana kwamba yaliyobaki yapo huko.

Nikasimama. Ningefanya nini? Nikavua kofia, nikasema, "Mzee Kondo, niwie radhi. Marehemu mwenyewe nipo huku."

Yule baba wa Bunju akahama kiti. Mama mmoja akaangusha sinia la vikombe. Kondo akanitazama, akaitazama picha, akanitazama tena. Halafu akasema kwenye kipaza sauti, mtaa mzima ukasikia: "Nampunju, tumeshachinja mbuzi."

Hakuna aliyecheka. Wangecheka ingekuwa nafuu. Walianza kukunja mikeka taratibu, mmoja mmoja ananipita bila kunipa mkono. Wengine waliacha kazi zao. Bunju wametoka watu wanne kwenye gari la kukodi.

Nikakumbuka mgeni wangu. Nikamkuta uani kati ya wapishi, kajifunga kanga ya kuazima, anamenya viazi, macho mekundu. Begi lake wamelipandisha juu ya benchi langu. Kumbe alifika saa tano kamili. Akina mama walipoona begi wakasema huyu ni ndugu wa mbali, wakamkumbatia wakaanguka naye. Yeye ndiye mtu pekee aliyesoma lile tangazo lote, akaona basi mwenyeji kafariki usiku.

"Nimekulilia, babu," akaniambia. "Ulinijibu vizuri sana jana, mpaka habari ya neti."

Nikamwambia chumba kipo tayari, mashuka haya hapa, bado yako kwenye mfuko wake. Akanishika mkono kwa heshima zote. Akasema anaenda kwa shangazi yake Mbezi, japo kwake kumejaa watu, hawezi kulala kwa mtu ambaye keshamwekea matanga. Sikumlaumu. Nikambebea begi mpaka barabarani.

Narudi, nakaa kwenye kiti cha plastiki, peke yangu na mfuko wangu. Ndipo ikaja bajaji kasi, na kabla haijasimama Zuhura kasharuka. Kanga kichwani, macho yamevimba. Alipanda treni ya asubuhi. Na sie sote, katika fujo ile, hakuna aliyekumbuka kumpigia.

Akaniona. Akasimama. Kisha akakaa chini, palepale mchangani, na nguo zake safi.

"Nimekupigia mara kumi na moja, baba."

"Niliziona."

"Uliziona?"

Nikaanza kumweleza habari za Shabani, na simu kimya, na chumba kugombaniwa. Akainua mkono kunikatiza.

"Toka Dodoma mpaka hapa nimekuzika," akasema. "Nimeshagawa mpaka nguo zako. Sirudii tena. Funga mzigo."

"Lakini mgeni alikuja. Tulikubaliana mgeni mmoja."

"Alilala?"

Nikainamia mfuko wa mashuka.

Basi ndiyo hivyo. Jumatatu naondoka. Patasi zangu nimezifunga kwenye lile shuka jipya, angalau limepata kazi. Mpapai nimemwachia Pazi, nikamwambia aumwagilie, akasema sawa huku akiendelea kula wali wangu wa matanga. Benchi haliingii kwenye treni.

Mzee Kondo kaja jioni hii, bado kanuna, kanitaka niandike tangazo la kuwajulisha watu kwamba nipo, maana ndugu wa Masasi wanachangishana nauli ya basi. Nimeandika vizuri, nikaanza na familia ya Mzee Nampunju inawatangazia. Zuhura kaninyang'anya simu, kafuta lote, kaweka maneno matatu: "Baba yupo hai." Picha kaacha ileile, hakuna nyingine.

Wameanza kujibu. Wa kwanza ni binamu yangu wa Masasi: "Poleni sana. Mazishi saa ngapi?"

Naomba msinicheke. Mie mwenyewe bado nimekaa matanga.