Kamera Haina Masikio

Jumatatu, 2 Juni 1919, Hollywood

Nimepewa tena nafasi ya mtu mbaya! Mimi, Virgil Haskett, ndiye mwenye nyumba katili. Namfukuza mjane kwenye theluji. (Theluji yenyewe ni chumvi na manyoya ya kuku. Jua linatuchoma.) Na mkombozi wa mjane ni nani? Emory Tillinghast! Yule mwenye nywele za bandia! Mjane ni Leota Bramhall, ninayempenda kimyakimya mwaka wa pili huu. Haiwezekani. Lakini sinema yetu ni bubu, na kamera haina masikio. Hila imenijia.

Jumanne, 3 Juni

Tillinghast kapiga magoti kumposa mjane. Mimi mlangoni, uso wa kikatili. Nikamwambia chini chini kuwa ana sura ya punda aliyenyimwa nyasi, na nywele zake zinahama. Nilitaraji acheke, afukuzwe, nafasi iwe yangu. Akalia! Machozi ya kweli! Bwana Orcutt, mwongozaji, akapiga kelele: “Hapo hapo, Emory! Lia, baba, lia!”

Nimeduwaa.

Alhamisi, 5 Juni

Zamu ya kumtupa mjane nje. Nikamkaba Leota mkono, nikakunja uso, na badala ya vitisho nikamposa. Nikamwaga yote: nampenda, nina chumba chenye dirisha, mama kule Iowa atamfundisha kupika pai. Akanizaba kofi! Halimo kwenye hadithi! Orcutt karuka kwa furaha, akaamuru kofi libaki. Baadaye Leota akaniuliza, “Virgil, posa gani hiyo, huku unanisukuma ngazini?”

Shavu linawaka.

Jumamosi, 9 Agosti

Mungu wangu. Mungu wangu!

Leo sinema imeonyeshwa kwa watu mara ya kwanza. Tillinghast anapiga magoti, ukumbi mzima unafuta machozi, safu mbili za mbele zinaangua kicheko! Wananinyooshea vidole pale kwenye pazia! Lilipofika kofi wakasimama, wakapunga mikono hewani. Nikadhani wamelewa.

Kumbe viziwi. Wanasoma midomo. Neno kwa neno!

Mlangoni bibi mmoja akanishika mkono, akaongea kwa vidole. Mumewe, anayesikia, akatafsiri kwa sauti ya mnadani: “Mke wangu anauliza, yule dada alikubali kuolewa?”

Nyuma yangu amesimama Orcutt. Nyuma ya Orcutt, Leota. Tillinghast anajishika kichwa.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimefukuzwa. Uso wangu wote umekatwa kwenye sinema, umebaki mgongo na kofia. Leota sasa anaizaba kofi kofia!

La kunishtua zaidi ni Tillinghast. Alinifuata hadi getini, akasema hakulia kwa ustadi. Alilia kwa sababu nilisema kweli: ana miaka ishirini na sita, na nywele zimekwisha. “Ungeniambia pembeni tu, ndugu yangu, ningezibandika vizuri.”

Niliona haya. Haya kabisa. Karibu nimwombe radhi, lakini gari la umeme la relini likapita, nikadandia.

Jumatano, 13 Agosti

Studio nyingine imeniajiri! Nitaigiza mchungaji wa kanisa, mnafiki. Mwigizaji mkuu? Tillinghast! Wanasema yeye mwenyewe ndiye aliyeniombea kazi. Nimeshtuka hadi nikakaa kitako.

Nimetafakari sana mwenendo wangu, na kosa nimeliona. Mdomo ulikuwa wazi mno.

Leo sikunyoa. Nafuga masharubu, mapana, yafunike midomo, yashuke hadi kidevuni.

Punda yule atanitambua.