Akosua wa Jumatano

Jumatatu, 5 Juni
Namshukuru Mungu kwa akili aliyonipa. Jumapili ni ibada ya shukrani ya wazee hapa Kumasi, Ghana, nao huenda mbele wakicheza, kila mtu na kundi la siku aliyozaliwa, siku ile ile iliyompa jina. Mchungaji anataka orodha. Afua Konadu, anayekimezea mate kiti changu cha ukatibu, amejitolea kuiandika kwa kalamu. Kalamu! Mimi nina kompyuta.

Jumanne, 6 Juni
Jedwali tayari. Wazee arobaini, tarehe kama walivyonitajia: siku, mwezi, mwaka. Wakati wa kulihamisha kutoka programu ya kuandikia kwenda ya mahesabu, nimegundua mahali pa kuchagua sura ya tarehe. Asante, Bwana. Nimechagua mwezi utangulie, kama wakubwa wa ng'ambo. Nikaiagiza iongeze na jina la siku. Imeongeza. Sikukagua. Mashine haisinzii.

Alhamisi, 8 Juni
Orodha nimeibandika mlangoni mwa kanisa. Nana Akosua Pokuaa, bibi yetu sote na kiongozi wa kundi la Jumapili kwa miaka thelathini, akavaa miwani. Akaivua. Akaivaa tena.

"Kwaku, mwanangu, mimi naitwa nani?"

Nikasema Nana Akosua.

"Na Akosua huzaliwa lini?"

Jumapili, nikajibu. Hata mtoto wa chekechea anajua.

"Basi mama alinizaa tena Jumatano, akanificha."

Yeye ni wa tarehe nne, mwezi wa saba. Mashine imesoma tarehe saba, mwezi wa nne. Waliogeuzwa hivyo ni kumi na mmoja, wote wa tarehe isiyozidi kumi na mbili. Afua akauliza, kwa sauti ya kufika sokoni, mbona Kwaku, mtu wa Jumatano, amejiibia mchezaji hodari kuliko wote. Mchungaji kasema nikikosea tena, kiti ni cha Afua.

Jumamosi, 10 Juni
Afua kaja na kalamu yake. Hakutazama tarehe, kasoma majina tu: kila Akosua Jumapili, kila Kofi Ijumaa. Dakika kumi, kamaliza. Wala hakumwambia mchungaji kuwa ni yeye aliyesahihisha. Kasema Nana akikosa kucheza na wenzake, shukrani itageuka matanga. Nilimshukuru kwa moyo wote, au karibu wote.

Jumapili, 11 Juni
Nana kacheza hadi kilemba kikamponyoka. Kiti bado changu. Namshukuru Mungu, namshukuru Nana, hata Afua. Na nimejifunza: mwezi usitangulie kamwe. Orodha ya mwakani nimeianza leo leo. Siku mbele, mwezi nyuma, na mwaka nimeukata ubaki tarakimu mbili, unapendeza zaidi. Nana ni wa 48. Wa karne gani, mashine inajua. Jina la siku imeliongeza yenyewe. Sikukagua.