Wapangaji wa Jiwe la Ba

Jumatatu, 8 Desemba

Hili sijamwambia mtu: nalitaka jiwe la bibi yangu, Ba. Lile lililo kwenye figo yake ya kushoto. Nalitaka ndani ya chupa, safi, lenye lebo, kabla ya maonyesho ya sayansi ya tarehe 27.

Mjukuu mwovu, najua. Lakini jana Daktari Vasavada alituonyesha picha. Jiwe lina matawi kama tangawizi. Akasema hili si la maji yetu magumu ya Bhavnagar. Limejengwa na bakteria. Wanavunjavunja mkojo, chumvi zinaganda, nao wenyewe wanabaki humo ndani, ukuta juu ya ukuta. Kwanza Ba ameze vidonge vya kuwaua, kisha daktari atalivunja na kulitoa.

Binamu yangu Jinay analeta mfano wa nyumba isiyoanguka kwa tetemeko. Ileile ya mwaka jana, rangi mpya. Nitamshinda.

Jumanne, 9 Desemba

Nimefanya mazoezi ya hotuba mbele ya Ba, maana yeye hacheki nikikwama. Shuleni tunasoma kwa Kiingereza. Ba anajua Kigujarati tu. Ningesema bakteria, neno lingempita kama maneno yote ya daktari. Nikajitia mtafsiri: jivanu. Ndilo neno la kitabuni. Jiv, kiumbe mwenye roho. Anu, mdogo mno.

Ba akaacha kuchambua dengu. Akauliza, kwa hiyo wana roho? Nikasema ndiyo, mamilioni, wanazaliana humo kwa raha zao. Macho yake yakalengwa na machozi. Nilidhani ni uzuri wa hotuba.

Sisi ni Wajaini, dini yetu inakataza kuua kiumbe chochote. Ba hufagia kwa ufagio laini asije akamuumiza sisimizi.

Alhamisi, 11 Desemba

Ba amekataa vidonge. Kasema hawezi kuua mji mzima ili yeye apate nafuu ya kukojoa. Homa imepanda. Daktari kamwambia Baba kwenye simu kwamba bakteria wakiingia kwenye damu, tutampoteza. Na bila vidonge, yeye jiwe haligusi.

Mama akauliza ni mpumbavu gani aliyempelekea Ba habari za jivanu. Baba akasema ni nani kama si Jinay, mdomo wake hauna mlango. Nikatazama chapati yangu. Jinay akapigiwa simu, akafokewa. Kusema kweli nilisikia raha kidogo. Kisha nikamsikia Ba akitetemeka ng'ambo ya ukuta, raha ikaisha.

Ijumaa, 12 Desemba

Mpango: kidonge kimoja, kusagwa, ndani ya supu ya choroko. Ba akaonja, akasema homa imemtia uchungu mdomoni, supu isipotee bure, apewe Jinay. Jinay alikuwa amekuja kulalamika kwamba kasingiziwa. Akainywa yote, akaomba nyingine.

Mwenye kibofu safi kuliko wote Bhavnagar sasa ni Jinay.

Jumamosi, 13 Desemba

Jioni nilimkuta Ba jikoni, kajitanda shali, kashika ukuta, anachemsha maji ya kunywa kama kila siku. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa nimechoka tu kulia chooni. Nikamsihi akalale, akasema maji hayajichemshi. Nikamuuliza, hivi walio kwenye maji hawafi?

Akajibu bila kugeuka: "We mtoto, umekulia nyumba gani? Kwenye maji mabichi wanazaliana usiku kucha. Nachemsha hawa wachache leo, ili kesho maelfu wasizaliwe wakafa bure."

Sufuria ikafurika, moto hakuupunguza.

"Hao wangu nao wanazaliana," akasema.

Nikasema ndiyo, Ba. Hawapumziki.

Akachungulia dirishani. Jua lilikuwa limebaki kwenye ukingo wa tangi la jirani, na Ba, kwa dini yetu, hamezi kitu likishazama. "Sasa unasubiri nini? Lete vidonge."

Nikakimbia, nikajikwaa, nikavileta. Akaviweka kiganjani, akawaomba radhi wale viumbe kwa sauti, kwa adabu, kama mwenye nyumba anayewaambia wapangaji wahame. Akameza.

Nimeapa: sitamweleza Ba sayansi tena maishani.

Jumamosi, 20 Desemba

Jiwe limetoka jana. Homa hakuna. Ba kala khichdi, wali wake wa dengu, kalalamika samli haitoshi. Amepona. Daktari katubakizia vipande kwenye chupa. Vinafanana na chumvi ya mawe. Nilitegemea kitu cha kutisha zaidi.

Jumapili, 28 Desemba

Nafasi ya tatu. Jaji aliniuliza swali, sauti ikanitoroka. Ba, aliyekuja na fimbo yake, akajibu kwa niaba yangu, akaueleza umati habari za wapangaji, akawaonyesha na figo ilipo. Jinay wa pili. Habari za supu bado hajui.

Leo asubuhi Ba akaniuliza, kwa upole sana, kama humu nyumbani wapo wengine, mahali asipopajua. Kiapo nilikikumbuka. Lakini ni lini mtu huniuliza jambo ninalolijua? Nikamwambia kuhusu mtindi.

Sasa chungu cha mtindi kiko barazani, kimefunikwa kitambaa. Ruhusa ya kuula hakuna, ya kuumwaga hakuna. Baba kakosa mtindi wake wa mchana, anauliza ni nani tena. Nimesema ni Jinay.

Nyayo zinakuja. Ndara za Baba, fimbo ya Ba, na sauti ya Jinay ikisema safari hii alikuwa kwao tangu jana jioni na mama yake ni shahidi. Naificha shajara hii chini ya