Farasi wa Zege Hakimbii

Jumatatu, 4 Machi

Nimeingia fainali! Tumebaki wawili. Redio inatafuta mtangazaji wa kipindi kipya cha albamu za zamani za roki nzito, saa nzima kila wiki, na Jumamosi tutapambana hewani moja kwa moja: mimi na Daktari wa Meno. Kila mmoja apige albamu yake na kuitetea. Mtayarishaji ndiye atakayeamua.

Nakitaka kiti kile mpaka kifua kinauma. Kazini, kwenye ukaguzi wa vipimo, nazungumza na mizani. Nyumbani nazungumza na Mama, ambaye hujibu kuhusu sabuni. Yote ninayoyajua juu ya gitaa hayajawahi kupata sikio.

Nitapeleka Farasi wa Zege, albamu ya pili ya Wafua Radi. Hakuna mjadala. Ndiyo albamu nzito na ya polepole kuliko zote zilizowahi kurekodiwa. Gitaa linaburuta miguu kama mtu anayerudi mazikoni. Mwimbaji anaimba kutoka ndani ya kisima. Niliirithi kwa marehemu mjomba, pamoja na mashine yake ya santuri, na sijawahi kuisikia kwenye chombo kingine. Kwenye simu sisikilizi. Simu ni ya kupigia. Mwenye kisima uani haombi maji kwa jirani.

Kazini: nimeifungia mizani ya muuza nyama wa kona. Inaongeza. Ukiweka jiwe la kilo, yenyewe inasoma kilo na kipande. Akanilalamikia eti ni mizani ya marehemu baba yake, imepima nyama ya mtaa mzima, ya harusi na ya matanga, na hakuna aliyewahi kunung'unika. Nikamwambia mizani haina ukoo. Nikabandika stika nyekundu: IMEKATALIWA. Naipenda ile sauti ya stika ikibanduka kwenye karatasi yake.

Jumanne, 5 Machi

Mazoezi sebuleni. Mpango ni huu. Wimbo wa kwanza unaanza na gitaa peke yake, kwa muda mrefu, kabla dramu hazijaingia. Nitazungumza juu ya gitaa hilo. Nimeyakata maneno yangu kama fundi cherehani: neno la mwisho linatua, dramu zinaanguka. Maneno ya mwisho ni “Haraka haina baraka.” Halafu BUUM! Nimerudia mpaka jasho. Inakaa kama kofia kichwani.

Mama akasimama mlangoni na mwiko, akauliza huyu anayeimba anaumwa nini. Nikamwambia ni yule yule wa mjomba. Akakataa katakata. Wa kaka yake, akasema, alikuwa na kisauti chembamba kama paka aliyekanyagwa mkia, na kaka yake alikuwa akirukaruka nacho mpaka vikombe vinadondoka kabatini. Maskini Mama. Majonzi huchezea kumbukumbu. Nikamweleza kwa upole kwamba amechanganya na bendi nyingine. Akasema, “Mwanangu, vile vikombe nilikuwa naviokota mimi.”

Ipo picha ya mjomba ukutani. Yuko hewani, miguu yote miwili imeachana na sakafu. Siku zote nimeamini ule ni uchungu.

Maoni yangu, yawekwe wazi kabla ya vita. Wafua Radi, albamu ya kwanza: utoto. Ya pili: kilele. Ya tatu: walipata fedha wakanunua kinanda. Ya nne: kinanda kilishinda. Tanuri la Mchana ya Mbwa wa Kiwandani: upande wa kwanza unatisha, upande wa pili unafaa kufulia. Nywele Motoni ya Fataki, kipenzi cha Daktari wa Meno: wanne wanaojitazama kwenye kioo. Eti watu huisifu kwa kasi! Kwangu mimi inasinzia.

Jumatano, 6 Machi

Upelelezi. Nimeenda kliniki ya Daktari wa Meno nikajifanya jino linauma. Nia: kuchungulia mezani kwake, nione karatasi za Jumamosi. Nilisahau jambo moja. Ukilala kwenye kile kiti, unaona dari.

Akanitambua. Akanijaza pamba mashavu yote mawili, ndipo akaanza kuzungumza muziki. Mtu mwoga kabisa. Akasema Nywele Motoni haina mpinzani. Nikasema aaa. Akauliza mimi napeleka ipi. Nikasema aa-aa-ee. Akaelewa! Akacheka mpaka taa ikatikisika. Akasema Farasi wa Zege ni albamu ya vijana waliokimbizwa na mbwa, na mpiga dramu ana haraka kama aliyeacha chungu motoni. Haraka! Farasi wa Zege! Nikataka kuinuka. Akaniambia nitulie, dada yangu, ameshatoboa.

Jino lilikuwa bovu kweli. Ameliziba.

Lakini faida nimeipata: sasa najua hajawahi kuisikiliza. Jumamosi nitamwacha aseme neno “haraka” hewani, kisha nishushe sindano. Ataumbuka mbele ya nchi nzima.

Alhamisi, 7 Machi

Shavu limevimba. Sauti yangu inatoka kwa upande mmoja.

Muuza nyama amekuja ofisini na picha ya baba yake kwenye fremu. Akaiweka juu ya meza yangu, ikinitazama. Akasema, dada mkaguzi, kama mizani hii ni ya uongo basi nimekuwa mwongo tangu utoto bila kujua. Mimi ni mtu wa kujua maneno mazito ninapoyasikia, na hayo yalikuwa mazito. Nikamwambia kutojua si utetezi. Akauliza, mizani hizo za serikali, nani kazipima? Nikamwambia zinapimwa na mizani nyingine za serikali. Akaguna. Akachukua picha yake akaondoka.

Mkuu wangu ameniita. Ananikumbusha kwamba stika nyekundu ni za mizani, vipimo na pampu za mafuta, na si za lifti ya ofisi. Lifti ile inadanganya uzito. Sitasema zaidi.

Ijumaa, 8 Machi

Sijala. Kila nikifumba macho dramu zinaanguka. Mama kanipigia pasi blauzi bila kuombwa, kisha akaniuliza nikikikosa hicho kiti cha redio nitafanya nini. Nimekaa mbele ya mashine ya mjomba nikaigusa tu, bila kuiwasha. Kiti kile nitakikalia mimi, lakini atakayesikika ni mjomba.

Jumamosi, 9 Machi

Niandike haraka.

Studio ni chumba kidogo chenye mazulia ukutani. Mtayarishaji, mwanamke mwenye miwani kichwani na mingine puani, alitukalisha tukitazamana. Fundi mitambo nyuma ya kioo. Katikati, mashine yao ya santuri, nyeusi, mpya, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Niliichukia hapo hapo.

Daktari wa Meno alianza. Nywele Motoni ikapigwa. Nikashangaa. Ilikuwa na kasi! Nikajisemea fundi ameichochea kwa makusudi, wamekula njama. Halafu, kama nilivyopanga, akajisahau akanitupia kombora: akawaambia wasikilizaji kwamba baada yake watasikia albamu ya watu wenye haraka. Nikatabasamu kwa upande wa shavu unaotabasamu.

Zamu yangu. Taa nyekundu. Nikasema, ndugu wasikilizaji, sahauni haraka, sasa mtasikia sauti kutoka chini ya ardhi. Nikampa fundi ishara. Sindano ikashuka.

Gitaa likaondoka kama mbuzi aliyeona kisu!

Nilikuwa kwenye sentensi ya pili. Ya pili! Dramu zikaingia. Si kuanguka, kuingia, mbio, kama watoto kengele ya mapumziko ikilia. Nikapandisha sauti. Nikaanza kusoma kwa kasi, nikaruka aya ya kisima, nikaruka aya ya msiba, niwahi mwisho. Mwimbaji akafungua mdomo. Birika lililochemka. Paka, mkia na kila kitu. Na mimi juu yake napiga kelele nchi nzima inisikie: HARAKA HAINA BARAKA!

Daktari wa Meno alikuwa amelaza kichwa mezani. Mabega yanatikisika. Akainuka, akafuta machozi, akaniuliza kwenye maikrofoni kama huyu farasi wa zege amewekewa injini.

Hapo palikuwa na njia mbili. Moja ni kunyamaza. Nikasema hewani kwamba mashine hii ni mbovu, inapunja wasikilizaji, na kwamba mimi ni mkaguzi wa vipimo niliyesajiliwa. Fundi akasema kwa spika ya ndani kwamba imekaguliwa juzi. Nikasema hata wauza nyama husema hivyo. Mtayarishaji akasema, dada yangu, tafadhali kaa. Mkono wangu ulikuwa mkobani tayari. Stika hukaa mkobani daima. Askari haachi filimbi nyumbani.

Niliibandika juu ya santuri yenyewe. Nilikusudia mashine. Sindano ikapanda kwenye stika, ikaserereka, ikatoa mlio ambao hakuna bendi iliyowahi kuuthubutu. Kisha kimya. Kimya cha redio si kama kimya kingine. Unakisikia kikiingia nyumba moja baada ya nyingine.

Santuri ya mjomba ina gundi sasa upande wa kwanza.

Jumapili, 10 Machi

Sikutoka chumbani mpaka jua lilipokuwa juu. Nilitegemea Mama amevunjika moyo. Nikamkuta anafagia huku anaimba. Kumbe jana alisikiliza jikoni, na dramu zilipoingia alitupa mwiko. Aliruka, anasema. Peke yake, na goti lake lile! Kikombe kimoja kimedondoka. Akasema hajamsikia kaka yake hivyo tangu siku tuliyomzika. “Ndio ule wimbo,” akasema. “Ndio ule ule. Ulikuwa wapi siku zote?”

Nikarudi chumbani nikafunga mlango.

Nyuma ya jalada wameandika urefu wa kila wimbo. Sijui kwa nini sijawahi kuusoma. Nimeweka upande wa pili, ule usio na gundi, nikapima kwa saa ya ukaguzi. Wimbo wa kwanza unazidi. Nikapima wa pili. Unazidi. Nikachukua Tanuri la Mchana. Inazidi. Zote zinazidi, kwa kiasi kile kile, kila moja inaongezewa kipande.

Nikafungua mashine. Chini ya sahani kuna mkanda wa mpira unaoizungusha. Umelegea kama soksi ya mgeni. Huenda umelegea hivyo tangu mjomba alipoanza kuumwa. Huenda tangu niliporithi. Huenda sijawahi kusikia albamu hata moja.

Nikakaa sakafuni, mkanda mkononi.

Mama akanikuta hapo. Akauliza kama si mimi ninayewafungia watu mizani. Kisha akasema nyani haoni kundule. Kweli kabisa. Daktari yule ajitazame.

Jumatatu, 11 Machi

Kipindi amepewa Daktari wa Meno. Mtayarishaji alinipigia mwenyewe, kwa heshima, akasema wasikilizaji wengi wamepiga simu kuniulizia, lakini bima ya mitambo haikubali. Nikamshukuru. Nilipokata simu nililia kidogo, upande wa shavu uliopona.

Mkuu amenipokonya stika. Nitakaa kaunta ya malalamiko mpaka atakapopenda.

Wa kwanza kaunta: muuza nyama! Nikajiandaa kwa picha. Lakini alikuja na mizani mpya ipigwe muhuri. Akasema alimpelekea mkewe nyama iliyopimwa kwa mizani ya zamani, mkewe akaipima upya, ikapungua, wakagombana. Akasema inauma kuiweka ya mzee pembeni, lakini haki ni haki. Nikampongeza. Nikamwambia amefanya jambo la kiume, na kwamba ya mzee aitundike ukutani, aiheshimu, ila asiipimie. Akaniuliza kwa nini macho yangu mekundu. Nikamwambia ni jino.

Baada ya kazi nikanunua mkanda mpya. Nikaufunga. Nikamletea Mama kiti. Tukasikiliza upande wa pili wote, yeye akipiga makofi, akiruka kidogo kwa mguu mzima. Mwimbaji alipiga kelele kwa furaha. Gitaa lilikimbia. Ilikuwa albamu nzuri ya vijana waliokimbizwa na mbwa. Nikamtazama mjomba ukutani, hewani, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba alikuwa anacheka.

Mama alipoenda kulala nikautoa mkanda mpya nikarudisha wa zamani.

Gitaa likaburuta miguu. Mwimbaji akarudi kisimani. Nikapumua.

Nimefikiri vizuri na jambo liko wazi. Mashine ya redio inakubaliana na jalada. Jalada linakubaliana na Daktari wa Meno. Mkanda mpya unakubaliana na wote watatu. Mizani zote za soko zikisema mamoja, mkaguzi mwerevu hushuku soko. Kesho nitaiandikia redio, kwa utulivu, kuwaomba wazipime mashine zao upya, na nitajitolea kuwapelekea ya mjomba iwe kipimo. Ni ya urithi, imesikilizwa na nyumba nzima tangu zamani, na hakuna aliyewahi kunung'unika isipokuwa Mama.

Ile mizani ya muuza nyama ni kesi nyingine kabisa.